Kucheza kwa Kemshafti: Maelezo ya Ufundi na ya Maneno Yake, kwa Mfano wa Ikungi

Miongoni mwa mambo yanayompasa fundi wa motokaa kuyafahamu, liko moja lililo dogo mno kwa kipimo na kubwa mno kwa matokeo. Nalo ni ile nafasi ambayo kemshafti huachiwa ili iweze kusogea mbele na nyuma ndani ya injini. Katika injini nyingi nafasi hiyo haizidi unene wa karatasi mbili za kuandikia zilizolazwa pamoja. Ikizidi, injini hupoteza majira yake. Ikikosekana kabisa, chuma husaga chuma mpaka kikaharibika. Jambo hilo lastahili kuelezwa kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wanaolitenda kila siku hulitenda kwa Kiswahili, ingawa vitabu vyake vimeandikwa kwa lugha nyingine. Ya pili ni kwamba neno analolitumia fundi kwa jambo hilo lina mtego ndani yake, na mtego huo waweza kuua injini.

Ikungi ni mahali pafaapo kwa mfano. Mji huo umo katika mkoa wa Singida, juu ya barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Manyoni kwenda Singida mjini, nao ni makao ya wilaya iliyotengwa na ile ya Singida Vijijini mnamo mwaka 2012. Nchi yake ni ya uwanda mkavu, yenye vumbi jingi wakati wa kiangazi, na wakulima wake hujulikana kwa alizeti. Wenyeji walio wengi ni Wanyaturu, ambao lugha yao huitwa pia Kirimi. Lakini chini ya mti penye gereji, anapokutana Mnyaturu na Msukuma, au dereva wa Dar es Salaam na mchimbaji wa Mang'onyi, lugha ya kazi ni Kiswahili. Mwanagenzi huingia humo akiwa ametoka shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili, naye hujifunza kwa kutazama, kwa kushika, na kwa kusikia maneno ya fundi wake. Kwa hiyo neno lililo sahihi humfaa kama spana iliyo sahihi. Na neno lililolegea humdhuru kama spana iliyolegea.

Kwanza hapana budi kueleza kemshafti ni kitu gani. Ni fimbo ya chuma iliyolala ndani ya injini, nayo ina vinundu kadhaa vilivyopangwa kwa urefu wake. Asiyepata kuiona na afikiri nundu ya ng'ombe: mgongo umenyooka, kisha pana mwinuko mahali pamoja. Kemshafti izungukapo, kila nundu huinua kitu kidogo kiitwacho tapeti. Tapeti husukuma fimbo nyembamba, na fimbo hiyo hufungua valvu ili hewa na petroli viingie, au moshi utoke. Krenki inapozunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja tu. Maana yake ni kwamba injini inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika huizungusha kemshafti mizunguko 1,500, yaani mara 25 kwa kila sekunde. Kinachoiendesha ni giya au cheni iliyo upande wa mbele wa injini.

Fimbo hiyo hushikwa na bushi zinazoizuia isiende juu wala chini, kushoto wala kulia. Lakini bushi peke yake haziizuii kuteleza kwa urefu wake, kama vile pete isivyoweza kuuzuia mpini usipenye. Na nguvu za kuisukuma zipo. Katika injini nyingi meno ya giya hukatwa mshazari ili yasipige kelele, na meno ya namna hiyo husukuma pembeni kila yanapobeba mzigo. Giya inayoendesha distributa na pampu ya oili hukatwa hivyo pia. Basi kemshafti isipowekewa kizuizi itakwenda mbele na kurudi nyuma, kwa kadiri mzigo unavyobadilika.

Kizuizi hicho hufanywa kwa njia mbalimbali, na ni vema zitofautishwe, kwa kuwa fundi aliyezoea njia moja huweza kupotea akutanapo na nyingine.

Njia iliyoenea ni ya bamba. Kipande cha chuma bapa hufungwa kwa bolti mbele ya bloku, kikakaa katikati ya bega la kemshafti na kitovu cha giya yake. Bega likitaka kwenda mbele, hukutana na bamba. Giya ikitaka kurudi nyuma, hukutana na bamba lile lile upande wa pili. Nafasi inayobaki ndiyo tofauti ya vipimo viwili. Tuseme umbali kati ya bega na giya ni milimita 5.10, na unene wa bamba ni milimita 5.00, nafasi itakuwa milimita 0.10. Hesabu ni ya mtoto wa shule, lakini injini nzima imeegemea juu yake.

Mfano mashuhuri wa njia hiyo ni injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyotolewa mwaka 1958 na kutumika sana katika Afrika ya Mashariki. Kipimo chake ni kati ya milimita 0.06 na 0.14 hivi. Tapeti zake zina magurudumu madogo yanayotembea juu ya vinundu, na jambo hilo lina maana yake kama itakavyoonekana. Injini ndogo za Uingereza za jamii ya A, zilizoendesha Morris Minor na Mini, nazo zilitumia bamba, kwa kipimo cha milimita 0.08 hadi 0.18. Hata injini ya Toyota ya namna ya 22R, ambayo kemshafti yake imekaa juu kwenye silinda hedi, imepewa kipimo cha 0.08 hadi 0.18, na mwisho wa kuvumiliwa ni 0.25.

Njia ya pili ni ya bushi yenye ukingo. Katika Volkswagen ya zamani yenye umbo la kobe, bushi mojawapo ina ukingo unaoshika bloku, na kemshafti huegemea ukingo huo kwa pande zote mbili. Bamba halipo, wala hapana haja nalo.

Njia ya tatu huwashangaza wengi, kwa sababu kizuizi hakionekani. Katika injini ya Chevrolet ya V8 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1955, hapakuwa na bamba wala ukingo. Vinundu vya kemshafti vilisagwa kwa mteremko mdogo usioonekana kwa macho, na nyayo za tapeti zilifanywa mbinuko kidogo. Kazi yake ilikuwa mbili. Tapeti ilipata kuzunguka polepole mahali pake, isilike upande mmoja. Na kemshafti ilisukumwa daima kuelekea nyuma, giya yake ikaegemea uso wa bloku. Basi ilikuwa imefungwa kwa nguvu ya kazi yake yenyewe. Lakini tapeti zenye magurudumu zikitiwa mahali pa zile bapa, vinundu hufanywa bila mteremko, na msukumo ule hutoweka. Hapo kemshafti huwa kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Ndiyo sababu kiwanda kilipotia tapeti za magurudumu katika injini hiyo mwaka 1987 kilitia na bamba pia. Na mafundi wanaobadilisha injini za zamani hulazimika kutia kitufe cha kuizuia kemshafti mbele, kati ya giya na mfuniko wa cheni. Tena mfuniko huo sharti uwe mgumu, maana mfuniko wa bati jembamba ukisukumwa hubonyea, na kizuizi kinachobonyea hakizuii kitu.

Yafaa sasa kuonyesha madhara ya nafasi iliyozidi, kwa maana msomaji huweza kudhani kwamba nusu ya milimita ni kitu cha kupuuzwa. Distributa, ambayo huamuru plagi zitoe cheche, huzungushwa na giya iliyo juu ya kemshafti, na ekseli zao hukutana kwa pembe mraba. Kemshafti ikisogea kwa urefu wake, huivuta giya ya distributa kama reli yenye meno ivutavyo gurudumu. Tuseme giya hiyo ina nusu kipenyo cha milimita 20. Kemshafti ikisogea milimita 0.10, cheche itabadilika kwa zaidi kidogo ya nusu digrii ya krenki, na hilo halidhuru. Ikisogea milimita 0.50, mabadiliko yatakuwa karibu digrii 3. Ikisogea milimita moja kamili, yatakaribia digrii 6. Tena mabadiliko hayo hayatulii mahali pamoja. Huja na kuondoka kwa kufuata mzigo. Fundi hupima majira ya cheche asubuhi, akayaona sawa. Gari likipanda mlima lina mizigo ya alizeti, majira yamekwisha kuhama. Atabadilisha plagi, atabadilisha kabureta, atalaumu petroli, na ugonjwa utabaki pale pale.

Madhara mengine ni ya chuma chenyewe. Giya mbili za cheni zisipokaa katika mstari mmoja, cheni huvutwa upande na kulika kabla ya wakati wake. Kitovu cha giya hugonga bamba, na sauti ya kugonga husikika zaidi injini inapopumua polepole bila mzigo. Ikiwa kemshafti imesogea mno, ukingo wa nundu huacha uso wa tapeti uliowekewa, na kila kimoja hukwaruza mwenziwe.

Hayo ni ya nafasi iliyozidi. Lakini nafasi iliyopungua ni hatari vile vile, na huua upesi zaidi. Kati ya bamba na bega sharti ipite oili, na oili haipiti pasipo na mlango. Nyuso mbili zikibanana zikiwa kavu, kwa mizunguko 25 kila sekunde, hupata moto, huchubuka, na vumbi la chuma huchukuliwa na oili mpaka kwenye beringi za krenki. Watu husema kwamba nafasi huachwa kwa ajili ya chuma kutanuka kwa joto. Neno hilo si la uongo, lakini halitoshi: bamba la chuma la milimita 5 likipata joto la digrii 80 zaidi, unene wake huongezeka kwa sehemu tano hivi za elfu za milimita, kiasi kisichofikia hata sehemu moja ya kumi ya nafasi yenyewe. Sababu kubwa ni oili, pamoja na ukweli kwamba hakuna uso uliosagwa na binadamu ulio bapa kabisa.

Injini inapofunguliwa na kujengwa upya ndipo kosa hupata nafasi ya kuingia. Bamba la zamani lina mikwaruzo, nalo hurudishwa kwa kuwa jipya halipatikani karibu. Giya mpya hununuliwa, na kitovu chake ni kirefu au kifupi kuliko cha kwanza. Kizibo cha chuma kinachofunika tundu la nyuma la kemshafti hugongwa mno kikaingia ndani, kikaigusa fimbo. Bolti ya giya hufungwa kabla giya haijakaa vema mahali pake. Kila moja katika makosa hayo hubadilisha nafasi, na hakuna hata moja linaloonekana baada ya mfuniko kufungwa.

Kwa sababu hiyo kipimo huchukuliwa kabla ya kufunika, tena kabla ya kutia fimbo za valvu, ili kemshafti iwe huru. Giya hufungwa kwa nguvu iliyoagizwa. Kipimo chenye uso kama wa saa husimamishwa mbele, ncha yake ikigusa kitovu cha giya kwa kunyooka sawasawa na kemshafti. Fundi huisukuma kemshafti nyuma kwa upole mpaka ikome, huweka mshale kwenye sifuri, kisha huivuta mbele na kusoma. Huizungusha robo mzunguko, akapima tena, mpaka amepima mahali pane. Vipimo vikitofautiana, bamba au kitovu kimepinda. Asiye na kipimo cha saa huingiza fila kati ya bamba na kitovu; majani yake ya chuma humweleza nafasi, mradi anayavuta bila kulazimisha. Karatasi, iliyotajwa hapo juu kuwa mfano wa unene, si kipimo: hubonyea, hulowa, na hudanganya.

Nafasi ikizidi, dawa yake ni bamba jipya au lililo nene zaidi. Pale penye pete ya kutenga kati ya bega na giya, pete hiyo yaweza kupunguzwa unene kwa mashine ya kukerezea au ya kusaga. Nafasi ikipungua, bamba husuguliwa. Msasa laini hulazwa juu ya kioo kinene kilicho bapa, ukatiwa oili, na bamba hupitishwa juu yake kwa mwendo wa nambari nane ili lisilike upande mmoja. Kila baada ya muda mfupi huoshwa kwa mafuta ya taa na kupimwa pembe zote. Bamba lenye mfereji wa oili lisigeuzwe uso. Na katika kazi hiyo subira ni sehemu ya kipimo, maana kilichosuguliwa hakirudi.

Hapo ndipo ufundi unapokutana na elimu ya maneno. Yaonekana katika maelezo haya kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hiyo. Mengine ni ya zamani yaliyohamia gereji kutoka kazi nyingine. Msasa ulikuwa jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao, kabla halijawa jina la karatasi ya dukani. Kukereza kulikuwa kazi ya mti kabla ya kuwa kazi ya chuma. Usukani ulishika jahazi kabla ya kushika gari. Mengine yamekopwa na kuvishwa sauti za Kiswahili: bolti, beringi, giya, bamba likiitwa pia pleti. Yote hayo hufanya kazi bila ugomvi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, kila kimoja kwa zamu yake kilishughulika na istilahi. Na njia hizo mbili, ya kuhamisha na ya kukopa, zimekuwa nguzo za kazi hiyo.

Ugumu uko kwenye neno *kucheza*. Kiingereza huliita jambo hili kwa majina mawili, moja likichukua maana ya kucheza na jingine maana ya kuelea, yote mawili yakiungwa na neno la ncha. Mfasiri aliye na haraka huandika "mchezo wa mwisho", na msomaji wa Ikungi hufikiri habari za mpira. Kosa hilo huchekesha, kwa hiyo halidhuru. Kila mtu huliona. Kosa lenye kudhuru ni lile lisiloonekana. Fundi husema kwa Kiswahili chema kwamba chombo kinacheza, kama isemwavyo kwamba jino linacheza, au mguu wa meza unacheza. Katika mifano yote hiyo kucheza ni kasoro. Jino linalocheza litang'oka. Meza inayocheza yataka kugongewa kabari. Mwanagenzi anayeambiwa "kemshafti inacheza, rekebisha" ana haki ya kuelewa kwamba kazi yake ni kuumaliza mchezo. Atatia bamba nene, atabana mpaka fimbo isisogee hata kidogo, naye ataamini kwamba amefanya vema kuliko kitabu. Injini itawaka. Itakwenda kwa muda. Kisha itajiua, na mwenye gari, ambaye pengine ameuza magunia ya mavuno kulipia kazi hiyo, atabaki na chuma.

Kosa la mwanagenzi huyo limetoka katika lugha, wala si katika uvivu wa mikono yake. Amelitii neno kama anavyolijua tangu utotoni.

Vivyo hivyo yapasa kuangaliwa kitenzi kinachofuatana na nomino hiyo. *Kuondoa* mchezo ni amri ya kuufikisha sifuri. *Kuzuia* mchezo karibu ni yale yale. *Kudhibiti* huelekea maana inayotakiwa, yaani kukiweka kitu ndani ya mipaka, lakini ni neno la ofisini zaidi kuliko la gereji. *Kupimia*, kwa maana ya kugawa kiasi kinachostahili, kama muuzaji apimiavyo mafuta, li karibu zaidi na kazi yenyewe: fundi huipimia kemshafti nafasi yake.

Kwa hiyo yafaa maneno mawili yatenganishwe. *Nafasi ya mbele na nyuma* liwe jina la kile ambacho injini hupewa kwa makusudi, chenye kipimo cha chini na cha juu. *Mchezo* libaki kuwa jina la kile kinacholetwa na kulika, nacho ni kasoro kama lilivyo jino linalocheza. Kisha kanuni yaweza kusemwa kwa sentensi moja ambayo mwanagenzi hawezi kuielewa vibaya: ipe kemshafti nafasi yake, usiipe mchezo. Maneno hayo hayakuhitaji kukopwa wala kubuniwa. Yote mawili yamo vinywani mwa watu. Kilichopungua ni mpaka kati yao.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, imeeneza vyuo vya ufundi katika mikoa ya Tanzania, lakini gereji za kando ya barabara zitabaki kuwa darasa la wengi. Atungaye istilahi kwa ajili yao akiwa mezani pake hana budi kujiuliza swali ambalo kamusi haliulizi: neno hili, likisikika chini ya gari na mtu mwenye oili mikononi, litamfanya atende nini? Istilahi nyingi huhukumiwa kwa ufupi wake, au kwa asili yake, au kwa kukubaliana kwake na jina la kigeni. Katika jambo la kemshafti hukumu hutolewa na chuma, nacho hutazama tu kama ile milimita 0.10 imebaki mahali pake.